Dari la Siku Kumi na Saba

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, Mbuyu alisimama mlangoni pa kiwanja cha kampuni ya ujenzi ya Betolua kuita majina, na kila asubuhi jina la kwanza lilimponyoka kabla hajatazama karatasi.

"Kabeya!"

Wafanyakazi waliobaki wakatazama vidole vya miguu yao. Wiki ya kwanza walikuwa wakicheka chinichini, wakidhani mzee anasahau. Sasa ilikuwa wiki ya tatu na hakuna aliyecheka, kwa sababu walikuwa wameiona ile tabia yake ya kungoja. Mbuyu aliita, akainua kichwa, akangoja kama karani yeyote anavyongoja jibu, kisha akatia alama. Mwashi mmoja alichungulia siku moja ajue ni alama gani. Ilikuwa ya "yupo".

Basi tuseme ukweli wake, hata kama haupendezi. Mbuyu alikuwa akisikia jibu. "Niko!" sauti nzito ilitoka upande wa mashine ya kuchanganyia zege, kama ilivyotoka kwa miaka ishirini na miwili, na mkono wake ukaandika wenyewe. Alipotazama kule hakuona mtu. Palikuwa na mashine tu, na ndoo iliyopinduliwa ambayo Kabeya alipenda kuikalia.

Kabeya hakuwa amekufa. Alikuwa stesheni ya Kolwezi, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, pamoja na maelfu ya wenzake, akingoja treni ya kumpeleka mkoa wa Kasai, asikokujua. Baba yake aliletwa na watu wa mgodi zamani, yeye mwenyewe akazaliwa papa hapa, akajifunza zege papa hapa, akawa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha zege cha Betolua. Kisha ule mwaka wa 1993 wakubwa wakasimama kwenye majukwaa, wakasema watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wakaifanya kazi iliyobaki. Kati ya wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili, Betolua ilibaki na sabini na mmoja. Mbuyu alikuwa mmoja wao, maana kwao ni kaskazini ya mkoa huuhuu wa Katanga. Mwingine alikuwa mwanawe Barnabé, fundi seremala wa miaka ishirini na sita, ambaye sasa ndiye aliyeitwa kapita.

Katikati ya msukosuko huo mkurugenzi, Bwana Numbi, alikuwa na shida yake mwenyewe. Alitaka ripoti ya mwaka.

Ripoti ya 1992 ilikuwa imechelewa miezi minne, na wala haikuwa na la kujivunia. Mwaka uliotangulia Betolua ilimwaga zege meta za ujazo elfu tisa. Mwaka huo, elfu nne na mia moja. Tangu mgodi mkubwa ulipoporomoka, kazi za ujenzi nazo ziliporomoka pamoja nao, na mashine nne kati ya sita zilikuwa zimelala majanini zikingoja vipuri visivyokuja. Numbi aliuita huo "mwaka wa maandalizi". Alikuwa hodari wa maneno, mtu yule. Angeweza kuiandikia nyumba inayoungua kwamba imepata mwanga wa kutosha.

"Papa Mbuyu," alimwambia karani wake mwishoni mwa mwezi wa nne, "hii ripoti itasomwa na bakubwa. Siwezi kuonyesha kama kazi yetu yote ilifanywa na bale batu ba Kasai. Toa karatasi zao."

Karatasi zenyewe ndizo za mahudhurio, moja kwa kila kikosi kwa kila siku, na kikosi cha zege karibu chote kilikuwa cha Wakasai. Pembeni mwa karatasi hizo Kabeya alikuwa na desturi ya kumwambia Mbuyu aandike nini kimemwagwa siku hiyo, na saa ngapi kimemalizika. Hapakuwa na kumbukumbu nyingine. Mbuyu alijua hayo yote. Alijua, akayapeleka mafaili nyuma ya ghala, akayatia moto. Aliogopa. Tena Barnabé alikuwa ameahidiwa ukapita, na baba mtu hakutaka kuuharibu.

Hivyo ndivyo Betolua ilivyopoteza umri wa zege lake yenyewe, kwa kuyaona majina ni uchafu.

Matarajio ya mwaka uliofuata, Numbi aliyaweka yote kwenye jengo moja: karakana mpya ya mgodi, njia ya kwenda Musonoi. Ilikuwa na dari pana la zege, lililomwagwa kwa nusu mbili. Wageni kutoka mgodini wangekuja kulitazama Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tano, saa tisa mchana. Wakilipenda, kuna karakana nyingine tatu. Numbi alitaka walikute limesimama peke yake, bila msitu wa nguzo za kulishikilia chini yake, na alitaka picha yake ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Zege pana namna ile halitolewi nguzo kabla ya siku ishirini na nane. Kila mtu wa ujenzi anajua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Jumatatu Numbi alipouliza kama siku zimetimia, Barnabé alijibu upesi, "Zimetimia, patron." Numbi akamgeukia Mbuyu. Mbuyu akafikiria nusu ya kwanza, ambayo ilikuwa na siku thelathini na kitu, akaiacha ile ya pili.

"Zimetimia," akasema.

Sasa, Betolua ilikuwa na desturi yake, na sijui kampuni nyingine iliyokuwa nayo. Nguzo za mwisho zilipogongwa, kapita aliyemwaga zege alisimama chini yake, katikati kabisa, kofia mkononi, mpaka nguzo ya mwisho ianguke. Hakulazimishwa na mtu. Ilikuwa njia ya kusema: kazi hii ni yangu. Kabeya alisimama chini ya kila dari kwa miaka ishirini na miwili, akitafuna muwa mara nyingine. Safari hii angesimama Barnabé, chini ya dari ambalo hakulimwaga, na kama nusu ya pili ingekuwa bado mbichi, lingemshukia kichwani.

Asubuhi hiyo ya Jumanne, baada ya kuita majina, Mbuyu aliingia karakana peke yake. Mwanga ulipita kati ya nguzo, na palinuka mbao zilizolowa. Mahali pale ambapo mbao za chini zilikuwa zimebanduliwa kwa majaribio, aliuona mstari wa kiungo ukikata dari katikati. Upande wa kwanza ulikuwa mweupe. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji. Akachukua msumari, akagonga huku, akagonga kule. Huku ulilia. Kule ulijibu kama unagonga ubao uliooza.

"Niko," sauti ilisema nyuma yake, karibu kabisa na sikio.

Nywele zilimsimama. Aligeuka, akaona nguzo tu. Akatoka nje, akamkuta Barnabé akigawa nyundo.

"Barnabé, nusu ya pili ilimwagwa siku gani?"

Barnabé hakumtazama. "Karatasi uliunguza wewe, Papa."

"Nakuuliza wewe. Unakumbuka?"

"Mi sikuwa mu kikosi cha béton. Tutaanza kutosha nguzo saa sita. Patron amesema." "Kutosha" kwa watu wa huko ni kutoa. Akaenda zake, mabega yamepanda juu kama ya mtu anayengoja kupigwa.

Mbuyu aliitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeijua tarehe ile bila karatasi, na Mbuyu alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamtazama tena usoni. Alipanda baiskeli.

Stesheni haikuwa tena stesheni. Mabehewa yaliyokufa yalikuwa yamegeuka nyumba, majukwaa yamegeuka mitaa, na kati ya reli watu walikuwa wamefunga plastiki na mashuka, wakapika, wakazaa, wakazika ng'ambo ya pili ya njia. Mbuyu alipita katikati yao. Kila baada ya hatua chache aliona mtu anayemjua: fundi chuma, mpiga lipu, dereva wa kijiko. Nao walimwona. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza. Mzee mmoja alisimama, akasema namba yake ya kazi kwa sauti, mia na kumi na saba, kama aliyedhani ni saa ya kuitwa. Hapo ndipo Mbuyu alipokumbuka kwamba amekuja bila hata kipande cha muhogo.

Kabeya alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa upara kama cha mfiwa. Mkewe, Mianda, alikuwa akichochea moto wa vijiti chini ya kopo.

"Kapita," Mbuyu akasema, maana hakupata jina jingine la kumwita.

"Kapita ni mutoto yako," Kabeya akajibu, bila hasira. "Ikala chini."

"Anakuya mikono bule," Mianda akasema akiuangalia moto wake. "Anakuya kuhesabia batu."

Mbuyu akakaa. Akatazama ule upara. "Ni nani?"

"Mama yangu. Juma lililopita."

Mbuyu alimfahamu vizuri yule bibi. Alikuwa amekula mkononi mwake mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Hata pole hakuisema. Alisema lile lililomleta.

"Ile nusu ya pili ya dalle, ile dari ya kule njia ya Musonoi. Ilimwagwa siku gani? Leo banatosha nguzo. Barnabé atasimama chini."

Kabeya akainua uso. "Ni wewe ulikuwaka unaandika."

"Karatasi ziliungua."

"Ziliungua." Kabeya alitikisa kichwa pole pole. "Zilijiunguza zenyewe."

"Niliunguza mi. Patron alisema, na mi niliogopa. Kama hautaki kuniambia, naelewa."

"Mi nikisema siku zimetimia, utaniamini?"

"Nitakuamini."

"Mi nikisema hazijatimia?"

"Nitakuamini."

"Ona sasa," Kabeya akamwambia mkewe. "Tunafukuzwa ju ya ubaya yetu, na bado bananiamini mi kuliko kitabu." Akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Kwa nini haukuuliza mutoto yako?"

"Anasema hajui."

"Anajua. Ilikuwa siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi. Watu wa huko wanaiita hivyo tangu enzi za babu zao kugawiwa unga wa juma. Kabeya alisema akitazama reli.

"Nilikuwa kule juu na batu makumi tatu na ine. Béton ilikuwa imefika nusu. Mutu akakuya mbio, akapiga kelele: 'Kapita, bako ku nyumba yako, banatosha bitu!' Bote banangalia mi. Béton haiachwi katikati, unajua. Ukiiacha inakauka na kidonda ndani, na siku moja inaua mutu hata haumujue. Nikasema, tumalize kwanza. Tulimaliza saa kenda. Nilipofika, mama alikuwa inje, chini mu mavumbi, na nyumba haikuwa na mulango. Toka ile siku hakusimama tena. Mianda aliona mwenye kubeba mulango."

Mianda aliacha kuchochea. Kwa mara ya kwanza alimtazama Mbuyu usoni.

"Ule mulango wa bluu, Tata Mbuyu," akauliza. "Uko wapi?"

Mlango ulikuwa kwa Mbuyu. Jumamosi ile alikuwa ametoka kazini saa sita, amekula, amejilaza, na alasiri Barnabé akaja na mlango kichwani, akasema ameununua kwa mtu anayesafiri. Mke wa Mbuyu akausifu: mbao nzuri, nzito. Jumapili baada ya misa Mbuyu mwenyewe alishika parafujo wakati mwanawe akiufunga. Na hakuwa na sababu yoyote ya kutoujua. Alikuwa amebisha hodi mlangoni pale kwa miaka ishirini.

Ndipo alipoelewa kwamba tarehe ile haikuungua na karatasi. Alikuwa nayo nyumbani kwake, akiifungua asubuhi na kuifunga jioni. Jumamosi, tarehe ishirini na nne mwezi wa nne. Akahesabu kwa vidole mbele yao, bila haya, kama mtoto wa shule. Zege lilikuwa na siku kumi na saba.

"Enda," Kabeya akasema. "Saa sita iko karibu. Mutoto asikufe ju ya kazi yangu."

Hakuomba kitu. Mbuyu angependa aombe, unga, dawa, hata mlango wenyewe, apate njia ya kulipa japo kidogo. Alingoja. Kabeya alikuwa amekwisha geuza uso, na Mianda alikuwa amerudi kwenye moto wake.

Alikanyaga baiskeli mpaka kifua kikawaka moto. Alipofika karakana alizisikia nyundo kabla hajaona kitu. Upande mweupe ulikuwa umekwisha kuwa wazi, nguzo zimelala chini. Vijana wanne walikuwa wamehamia upande wa kijivu, na pale katikati, kofia mkononi, macho yamefumbwa, alisimama Barnabé.

"Acheni!" Mbuyu alipiga kelele. "Acheni nyundo!"

Nyundo zikanyamaza. Vumbi laini lilikuwa likishuka kutoka kwenye kiungo, juu ya nywele za Barnabé. Naye hakufumbua macho.

"Papa, toka humu."

"Toka wewe."

"Bageni bako njiani. Gongeni!"

Hakuna aliyegonga. Mbuyu aliangusha baiskeli, akaingia chini ya dari, akamshika mwanawe mkono. Alisema kwa sauti ya kuitia majina, ile inayofika mpaka mashineni, na wote wakasikia.

"Hii dalle iko na siku kumi na saba. Ilimwagwa siku ya posho, tarehe makumi mbili na ine. Siku ile ulileta mulango wa Kabeya ku nyumba yetu."

Wale vijana wanne wakainamisha macho. Wawili kati yao walikuwa wamebeba kitanda siku hiyohiyo. Barnabé alifumbua macho, na Mbuyu, aliyetegemea kuona hasira, aliona uchovu tu, uchovu wa mtu wa miaka sabini.

"Najua," Barnabé akasema polepole.

"Unajua toka lini?"

"Toka mwanzo. Na jana tulipomuambia patron zimetimia, nilijua. Nilihesabu."

"Na ulitaka kusimama hapa?"

"Ningesema nini, Papa? Bangeniuliza, umejuaje? Ningesema nilikuwa wapi?"

Zege lililia juu yao, mlio mdogo, na punje chache zikaanguka. Jana mbele ya Numbi Mbuyu pia alikuwa amefungua mdomo, na neno moja tu, "sijui", lingetosha. Alimvuta Barnabé kwa mkono, kama alivyokuwa akimvuta sokoni zamani, wakatoka nje kwenye jua. Vijana walianza kurudisha nguzo bila kuambiwa.

Wageni walikuja saa tisa, wakatazama msitu wa nguzo, wakaondoka na nyuso za adabu. Treni ya Kabeya iliondoka tarehe ishirini. Tarehe ishirini na mbili nguzo zilitolewa, na dari likasimama. Kazi ya Kabeya ilikuwa safi. Hakuna aliyesimama chini ya dari siku ile. Wakati nyundo zilipokuwa zikigonga, Mbuyu alikaa nje na kuziba masikio kwa viganja, kwa sababu ya ile sauti ya "Niko".

Ripoti ilitoka mwezi wa sita. Ukurasa wa kumi na moja, chini ya kichwa cha habari cha matarajio, Numbi aliamuru iandikwe kwamba karakana ya Musonoi ilichelewa siku kumi na moja kwa sababu ya mvua kubwa. Mbuyu aliichapa mwenyewe, herufi kwa herufi. Barnabé alitia sahihi kama kapita, na Mbuyu akatia yake chini, kama shahidi. Kolwezi mvua hainyeshi mwezi wa tano, na mwaka ule halikuanguka hata tone.